Maneno ya Kispanyola kwa Binti wa Fundi Mitumbwi

Nilifika Baraka katika miaka ya hamsini, nikiwa na gitaa tu, baada ya treni ya kutoka Kindu hadi Albertville na meli ya mizigo iliyonitapisha njia nzima. Nikampenda binti wa fundi mitumbwi. Baba yake alikwisha kupokea mbuzi wa mahari wa mchuuzi wa samaki kutoka Uvira.

Wakati ule hukutaja tamaa mbele ya baba wa msichana, ungefukuzwa. Ndiyo maana sisi waimbaji tulitumia Kispanyola cha santuri za rumba kutoka Kuba. Wazee walisikia utamu wa sauti tu, wala hawakuona haya.

"Utaniimbia siku ya harusi," binti aliniambia. "Lakini usiniletee maneno ya bure. Yakinichoma, mi natoka kwa mulango ya jikoni, tunakimbia sisi wawili."

Nikaenda kwa mwenye duka, Myahudi mzee wa kisiwa cha Rodo. Nyumbani kwao walisema Kispanyola cha mababu zao waliofukuzwa Hispania. Binti naye alikuja, eti ananunua chumvi.

"Bonita?" niliuliza.

"Mzuri," mzee alijibu. "Hiyo ni ya kusifu kitambaa."

"Loco?"

"Kichaa. Kila mulevi anaimba hiyo."

"Desesperado?"

"Aliyekata tamaa. We kijana, unaenda harusi ao matanga?"

Binti alicheka mpaka akashika meza. Ndipo mzee akasema polepole: ardiente, yaani anayewaka; ciego, yaani kipofu. Binti aliyarudia kwa midomo bila sauti. Aliondoka bila chumvi.

Siku ya harusi, mchana, niliyaimba hayo mawili. Baba yake alitikisa kichwa kwa furaha. Binti akainuka, akageukia jikoni.

"Ndugu, tena!" bwana harusi alipiga kelele. "Hiyo ni yangu!"

Akanishika bega, akaimba mwenyewe, jasho linamtiririka, akimnyooshea mkewe kidole: ardiente, ciego. Bamama wakaitikia. Baba wa binti akaitikia. Kila mtu alimwambia anawaka, na hakuna aliyejua anasema nini. Binti akaketi.

Nilisimama nyuma ya jikoni hadi vyungu vikaoshwa. Shangazi yake akaniletea sahani ya ugali.

"Bibi harusi anasema ukule," alisema. "Anasema tena, ile maneno sasa iko ya watu wote."

Asubuhi lori liliwachukua kwenda Uvira, wapambe wakiimba wimbo wangu. Mimi nikapanda lori la pamba lililokuwa likielekea Fizi. Sikurudi tena Baraka.