Mama Alivyolifunga Lango la Pili

Watu huusifu mnara wa ngome yetu ya Havrany kwa kuwa ni mrefu. Mimi nimezaliwa langoni, nami nasema mnara ni wa kukimbilia ukishashindwa. Ngome ni lango. La kwanza liko kwenye handaki, lina daraja la minyororo na wavu wa chuma unaoangushwa kutoka juu. Ukilipita unaingia njia nyembamba kati ya kuta mbili, ndipo ulikute la pili. Juu ya njia hiyo kuna matundu, na hayakutobolewa kwa ajili ya njiwa.

Baba, Vaněk, alilinda la kwanza. Mama yangu, Dorota, alilinda la pili.

Siku ya kufua nguo za kipupwe malango yote yalikuwa wazi, tukipishana na ndoo, maji ya majivu yakichemka uani. Bwana mwenye ngome alikuwa mawindoni. Likaja gari la nyasi kavu, likasimama chini ya wavu, katikati kabisa.

“Songa, mzee, unaziba njia!” baba akafoka.

“Gurudumu, ndugu yangu.”

Mama akachungulia toka kwake. “Gurudumu gani? Mbona farasi ameshafunguliwa?”

Hapo nyasi zikatoa watu wenye panga. Baba akauangusha wavu. Ukakalia gari, ukaning'inia bila kufika chini.

“Funga, Dorota!”

“Na wewe je?”

“Funga, mwanamke! Utanililia baadaye!”

Mama alifunga. Nilimwona akilisukuma gogo la komeo kwa bega. Kisha akatupandisha na ndoo hadi matunduni. Chini baba alikuwa akirudi nyuma, mkuki mkononi, na sisi tumeshika maji ya moto.

“Vaněk! Ingia kwa mbwa!”

Banda la mbwa lilikuwa la mawe, limechimbwa katika ukuta wa ile njia nyembamba.

“Nimo! Mwageni!”

“Na miguu?”

“Miguu haiingii! Mwaga, we Dorota!”

Tukamwaga. Wavamizi waliobaki na macho walijirusha handakini. Baba alitolewa bandani mguu mmoja umebabuka, manyoya ya mbwa ndevuni, akitukana.

Alichechemea maisha yake yote. Walevi walipomuuliza kilabuni kama hana kinyongo na mke aliyemfungia nje, alijibu, “Angeliacha wazi kwa ajili yangu, ningemwonea aibu mpaka kaburini.”