Nilivyoharibu Maji Ukweni

Ukinikuta kwa wakwe zangu Tabata nimekauka koo na maji siombi, usicheke, au cheka tu, maana wenyewe wameshacheka wakachoka.

Siku hiyo nilikuwa nimeitwa wanione. Mshenga alishapeleka posa, na jibu ningepewa baada ya chakula. Nikamwamkia Mzee Salehe, baba wa mchumba wangu Mwanaidi, muuza vitambaa, naye akamgeukia mdogo wake: "Huyu ndiye yule mwanasayansi. Yuko maabara."

Maabara nipo kweli, ila mapokezi, naandika majina ya wagonjwa na kuwaonyesha choo kilipo. Ningesema palepale yangeisha. Nikatabasamu (tabasamu lile ndilo lililoniponza).

"Basi mwite Rukia!" akamwambia mdogo wake.

Rukia ni mdogo wake Mwanaidi, yuko kidato cha pili. Akaja na daftari la kemia. "Shemeji, nimekwama. Mwalimu anataka pande zote zilingane." Kushoto H2 na O2, kulia H2O, yaani hidrojeni na oksijeni zinaungana zinatoa maji.

"Hatua kwa hatua, na sie tusikie," akasema mzee. Pilau likaambiwa lisubiri.

Nikahesabu kwa sauti. Oksijeni kushoto mbili, kulia moja, nikaweka mbili mbele ya maji, oksijeni zikalingana lakini hidrojeni za kulia zikawa nne, nikashtuka, nikafuta, nikaweka mbili mbele ya oksijeni, nayo ikazidi, nikafuta tena mpaka karatasi ikatoboka, jasho linanitoka na feni iko juu yangu, Mwanaidi kasimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, na mie sielewi hata zile nne zilitokea wapi. Ndipo nikachomeka mbili ndogo chini ya O ya maji. H2O2. Mbili kwa mbili, kushoto na kulia!

"Imekaa," nikasema.

"Mashallah," akasema mzee, akainua glasi yake ya maji.

Rukia akaitazama karatasi. "Shemeji, hayo si maji tena. Hiyo ni ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda."

Mzee akairudisha glasi mezani, taratibu. "Sasa hapa nakunywa nini, mwanangu?"

"Na mwanzo ulishakaribia," Rukia akaendelea, hana huruma, "ungeongeza tu mbili mbele ya hidrojeni."

"Kwani huko maabara unafanya nini hasa?" mzee akaniuliza.

"Mapokezi, baba."

Mdogo wake mzee akaangua kicheko, Mwanaidi akakimbilia jikoni.

"Mapokezi si kazi?" akasema mzee. "Mie nauza vitambaa. Umenisikia nikijiita fundi suti?"

Pilau nililila kama nameza pamba.

Posa ilikubaliwa, sijui kwa nini hadi leo, na harusi imepita. Ila nikiomba maji pale, Rukia anauliza kwa sauti, wageni wakiwepo ndiyo zaidi: "Ya kunywa au ya kidonda?"

Siku hizi mtu akiniuliza kazi, hajamaliza swali nishamjibu: mapokezi. Na daftari la mtoto wa watu sishiki tena, hata liwe la kuchora.