Majivu Juu ya Pampu ya Maji

Kwenye mazishi ya mume wangu, msemaji wa familia alieleza jinsi marehemu alivyogundua mahali pampu ya maji ya lori ilipokuwa ikivuja, kwa kuipaka injini majivu, "mwaka hamsini na sita au hapo karibu". Mjane hasahihishi hotuba ya mazishi. Nilikaa mkekani nikafuta machozi, ambayo yalikuwa ya kweli, na moyoni nikasema: hamsini na tano. Tena majivu yalikuwa yangu.

Tarehe ninazo. Jumapili, tarehe 12 Juni 1955, mtoto wetu wa pili alibatizwa, na kadi yake ya ubatizo haijawahi kutoka sandukuni mwangu. Siku mbili baadaye, Jumanne, lori la tajiri lilichemka njiani, kabla hata halijafika Kivukoni, likarudi Ifakara likitoa mvuke kama sufuria ya harusi.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori hilo. Ufunguo wake aliuvaa shingoni kwa uzi, mahali ambapo wanaume wengine wa parokia yetu walivaa rozari, na alioga nao. Tajiri alikuwa mfanyabiashara wa nguo na chumvi, mtu wa pwani, mpole wa sauti. Nyumba tuliyokaa, nyuma ya duka, ilikuwa yake. Alikuja jioni ile, akalitazama lori, akasema taratibu:

"Dereva, chumvi yangu ivuke mto Jumamosi asubuhi, ipande Mahenge. Isipovuka, utanirudishia ufunguo. Kuna dereva wa Kilosa anakuja kunisalimia kila mwezi. Sijui kwa nini ananipenda hivyo."

"Itavuka, tajiri," mume wangu akajibu, mkono wake ukiwa kwenye ule uzi.

Basi Jumatano likakaa baraza la boneti. Mwenyekiti alikuwa jirani yetu, askari wa zamani, ambaye vita vyote alivipitisha jikoni, lakini jiko lenyewe lilikuwa karibu na magari. Mjumbe wa pili alikuwa fundi cherehani. Huyu alihesabiwa kuwa mtaalamu kwa sababu mtaani kwetu ndiye peke yake aliyekuwa na mashine. Mimi nilikuwa na wadhifa mmoja: kuleta maji. Lori lile lilikuwa na kiu, na kila walipotaka kulijaribu, niliitwa mimi na ndoo yangu.

"Ni rejeta," askari alitangaza. "Tazameni mgongo wake ulivyolowa! Hii inataka uji. Vitani tuliziba rejeta kwa uji."

"Uji wa nini?" akauliza fundi cherehani.

"Wa mchele, bwana! Uko bonde la Kilombero unauliza uji wa nini?"

Kwetu mchele ndio dawa ya mzazi, ya mgonjwa na ya mgeni. Hakuna aliyeona ajabu ukiwa dawa ya chuma. Nikaagizwa niupike.

"Usitie chumvi, shemeji," askari alinionya. "Injini haipendi chumvi."

Niliupika vizuri, sijui kupika vibaya. Wakaumimina, wakaliwasha, wakasubiri mikono ikiwa mgongoni, kama watu wanaosubiri mkuu wa wilaya. Baada ya muda lori lilicheua. Uji ulitoka kwa mdomo wa rejeta, ukapanda juu, ukashukia kanzu ya fundi cherehani, ambayo alikuwa ameishona mwenyewe.

"Limeshiba," alisema, akijipangusa.

Alhamisi yote ilikwisha katika kuutoa uji huo. Nilichota maji mpaka nikakoma kuzihesabu ndoo, na kwa kuwa nilikuwa ndiye mchotaji, nilikuwa na haki ya kujua maji yangu yanakwenda wapi. Niliinama. Injini ilikuwa imezimwa. Tone lilidondoka, likafuata lingine, lakini si chini ya rejeta. Yalidondoka nyuma ya feni, pale pampu ilipo.

"Baba," nilimwambia mume wangu, "maji hayaangukii chini ya rejeta."

Askari alidakia kabla mwenye mke hajafumbua kinywa. "Shemeji, wewe na injini wapi na wapi? Tuletee maji."

Nikaleta.

Jioni, tulipokuwa wawili, nilimkumbusha mume wangu jinsi tunavyoupima mtungi mpya. Unaujaza maji, unaufuta nje mpaka ukauke, kisha unaupaka majivu laini yaliyochekechwa. Panapopiga weusi ndipo panapovuja. Mtungi uliolowa kote hauwezi kukuonyesha kitu. Aliuchezea ufunguo shingoni.

"Mapema, mama," alisema hatimaye. "Kabla hawajaja. Na usimwambie mtu."

Ijumaa kulipopambazuka tuliifuta injini kwa kitenge changu cha zamani. Nilichekecha majivu ya jikoni kwangu, nikayapaka mgongoni mwa rejeta, kwenye mipira ya maji na kwenye pampu. Tukajaza maji. Hatukuliwasha, maana feni ingepeperusha kila kitu. Na hapo ndipo mume wangu alipopigwa na akili.

"Feni!" alisema. "Ndiyo inayorusha maji kwenye rejeta!"

Rejeta ilikuwa imesingiziwa, na kulishwa uji juu yake.

Tukasubiri. Rejeta ilibaki nyeupe kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Mipira ilibaki nyeupe. Lakini chini ya pampu, pale mhimili unapotokea, mstari mweusi mwembamba uliteremka taratibu. Mume wangu alishika feni akaitikisa, haikucheza. Mhimili ulikuwa mzima. Kilichochakaa ni uzi wenye grisi unaozungushwa hapo na kubanwa kwa nati ili maji yasipite.

Baraza lilipowasili, lilimkuta ana majivu mpaka viwikoni.

"Nimefikiri usiku kucha," aliwaambia.

Usiku kucha alikoroma. Nilikuwa kando yake.

"Si nilisema ni mambo ya maji?" askari alisema, na kweli alikuwa amesema. Fundi cherehani alitoa uzi wake wa pamba. Wakausuka, wakaupaka grisi, wakauzungusha, wakakaza nati. Ndiyo kazi pekee ambayo baraza lile liliifanya ikafaa.

Jumamosi, tarehe 18, chumvi ilivuka Kivukoni na ufunguo ukabaki shingoni. Nilinyamaza kwa hiari yangu. Dereva anayefundishwa injini na mkewe angechekwa mpaka dukani, na tajiri alikuwa na masikio.

Januari 1957 niliingia darasa la kwanza, mama wa watoto watatu, nikajifunza kuandika. Yeye aliendelea kusimulia, na kila mwaka usingizi wake wa usiku ule ulipungua.

Wiki moja baada ya mazishi nilifungua sanduku lake la spana. Chini kabisa palikuwa na kopo la majivu, laini, yaliyochekechwa. Miaka yote ile nilikuwa nikiwalaumu kuku kwa kufukua jiko langu. Kwenye kifuniko alikuwa amekwaruza kwa msumari: *Ya mama*.

Hakuweka tarehe. Nilitafuta msumari, nikaiweka mimi: 17 Juni 1955.