Mti wa Kubaki

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya ukungu ambayo haijaniacha mpaka leo. Ilikuwa Endarasha, miaka ya kwanza ya uhuru. Baba alikuwa amegawiwa shamba, na katikati yake palibaki kipande cha msitu, kama kisiwa kati ya viazi vya majirani. Wapasuaji mbao walikuja na msumeno kukiangusha.

Wazee wetu hawakufyeka msitu wote. Waliacha mti mmoja, ili roho za miti iliyoangushwa zipate pa kukaa. Fimbo iliegemezwa kwenye kila mti kabla haujakatwa ili ichukue roho yake, kisha ikahamishiwa kwenye ule wa kubaki. Baba aliniachia mimi kuuchagua, kwa kuwa nilikuwa nimetoka chuoni. Nisipochagua, yote ingeanguka.

Nikazunguka. Muiri una gome la dawa. Mwerezi haushindwi na mchwa. Mukurwe una kivuli kipana. Kila niliposema huu, mwingine ulinitazama kutoka kwenye ukungu. Halafu nikaona kwamba chini ya muiri mkubwa hapakuwa na muiri mchanga hata mmoja. Ile michanga iliota mbali, chini ya mukurwe, ndege walikodondosha mbegu. Kila mti ulilea watoto wa mwingine. Sasa ningetenganisha nini na nini?

"Msomi, jua linapanda," mpasuaji mmoja akasema. "Ama tuanze na wewe?"

Cucu, mama yake baba, alikuwa ameketi kwenye gogo akisuka kiondo.

"Cucu, nikikosea je?"

"Utakosea," akasema bila kuinua macho. "Mimi wangu niliuchagua kwa sababu miguu iliniuma. Nikauegemea, basi. Ati ulifikiri mti hutoa mtihani?"

Nikauegemea mukurwe uliokuwa karibu, miche ya miti mingine ikiwa miguuni pake. Jioni fimbo ziliuzunguka kama wageni waliochoka. Sijajua mpaka leo kama ndio uliofaa zaidi. Lakini miiri iliyokuwa chini yake sasa imewazidi watu urefu.

Mchagua jembe si mkulima, mwanangu. Najua unalala na maswali: kazi ipi, mji upi, nani wa kuishi naye. Chagua kabla msumeno haujakuchagulia, kisha ukilinde ulichochagua. Usiogope kuota mbali na mama yako. Na ukishasimama, wape nafasi watoto wa wengine.

Mungu akupe umande asubuhi, jua la kukutosha mchana, na jioni pa kuegemea.