Dada Kadzo na Kinanda cha Mabomba

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa Msambweni bendera ya mkoloni ingali juu, muziki haukusikilizwa kwa kukaa kimya. Aliyenyamaza ngomani ama alikuwa mgonjwa, ama ana kesi na mwenye ngoma. Nyinyi vijana wa leo mnatia nyaya masikioni, kila mtu na wimbo wake, mkapishana njiani kama mliogombana. Sisi mchezaji akitufurahisha tulimwendea palepale tukamtunza: leso mabegani, kuku mkononi, na shangazi mmoja wa kumpangusa jasho.

Kanisani kwetu kulikuwa na kinanda kikubwa cha mabomba, kilichovushwa Likoni vipande vipande. Mabomba yake yalifika darini, na nyuma yake wanaume wawili walisukuma mivukuto ya kukitia pumzi. Uhuru ulipokuja, padri Mzungu akafunga virago, na tukaambiwa kinanda nacho kitapelekwa Nairobi, isipokuwa mwanafunzi aliyefundishwa na padri aweze kukipiga vizuri mbele ya mtahini. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa dada yangu Kadzo, wa darasa la nane. Alifanya mazoezi hata mezani tukila, vidole vikikimbia kati ya sahani, miguu ikimkanyaga paka chini. Mama alitukataza kumcheka. "Mwacheni," alisema, "kila mtu na pepo wake."

Siku ilipofika kanisa lilijaa. Hata majirani zetu Waislamu walikuja na kanzu zilizopigwa pasi, maana shughuli ya jirani ni yako. Mtahini, Mzungu mwembamba kutoka Mombasa, alikaa mbele na kalamu yake, akatuomba kwa adabu tusitoe sauti mpaka mwisho. Tuliitikia vizuri sana.

Wimbo wa kwanza tulijizuia. Wa pili, Kadzo akaanza kulowa mgongo. Shangazi Mbeyu akawageukia watu.

"Mtoto wetu anatokwa jasho hivyo, nasi tumekaa mikono mapajani?"

Akapanda na leso, akampangusa uso mzima, macho pia, huku Kadzo akiendelea kupiga bila kuona kitu. Hapo maji yakazidi unga. Vigelegele vikalia, watu wakapanga foleni hadi mlangoni. Leso zilirundikana mabegani mwake akabaki pua. Jogoo alifungwa kwenye bomba dogo, na kila sauti nyembamba ilipolia, naye alijibu. Kisha akaja Mzee Bakari, jirani yetu, na mkungu wa ndizi. Hakuona pa kuuweka, ila chini aliziona mbao zimepangwa kama kichanja, akautua hapo. Kumbe ndizo mbao zinazopigwa kwa miguu. Kinanda kikaanza kunguruma sauti moja nzito isiyokoma, madirisha yakatetemeka. Mtahini akaweka kalamu chini.

Niliogopa sana. Niliona kinanda kimeshapakiwa lorini. Lakini dada yangu hakuuondoa mkungu. Aliinua vidole, akausikiliza ule mngurumo, kisha akauacha wimbo wa kwenye karatasi na kupiga wetu wa kumtoa biarusi nje, uliokaa sawasawa juu ya sauti ile. Kanisa zima likaimba. Wanaume wa mivukuto wakasukuma kwa mwendo wa ngoma. Nililia, na sikujua kwa nini.

Ulipokwisha, mtahini alisimama. "Binti huyu amefaulu," akasema. "Kinanda kibaki." Tulishangilia hadi jogoo akakata kamba. Mtahini akangoja tutulie, ndipo akamwambia baba kwamba Kadzo lazima apelekwe Nairobi, kisha ng'ambo, akasomee muziki. Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Baba hakuweza kukataa mbele ya watu. Kadzo alikwenda, akaolewa hukohuko, na huja mara mojamoja akiwa mgeni. Kinanda kiko palepale. Kwaya ya vijana imekiegemezea spika zao, na popo wamehamia kwenye mabomba. Mimi hukifuta vumbi kila Jumamosi. Tulikililia sana kibaki, nacho kikabaki; aliyetakiwa kuliliwa alikuwa Kadzo.