Sahihi Niliyoifuata Gareni

Lori lilinigonga asubuhi kwenye barabara ya Mashamba, nikitoka kununua nyuzi. Dereva aliacha njia akanifuata pembeni, mule vumbini nilimokuwa nikitembea, na gurudumu likanipanda mguu wa kulia. Mimi nilikuwa mshonaji, na cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga. Nilipozinduka hospitalini, kitu cha kwanza nilichouliza ni kama kisigino bado kipo.

Lori lilikuwa na bima. Mume wangu alikuwa Kisenge, kwenye mgodi uliokuwa umesimama, hana mshahara, kwa hiyo matumaini yetu yote tuliyaweka kwenye ile bima. Karani alitaka ripoti ya polisi yenye mchoro wa ajali. Nikaileta. Akataka cheti cha daktari kinachoeleza mguu umeharibika kiasi gani. Nikakileta pia, kwa magongo, baada ya miezi ya kwenda na kurudi. Ndipo akanisomea maelezo ya dereva: eti nilikatiza barabara ghafla.

"Mama, hapa ni neno lako na neno lake," alisema. "Leta shahidi. Hata ukienda tribinali, jaji atakuuliza hivyo hivyo."

Shahidi nilikuwa naye. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa nami siku ile. Ndiye aliyenifunga mguu kwa kitenge chake. Polisi hawakuandika maneno yake. Lakini alikuwa mtu wa Kasai, jimbo jingine la mbali. Babu yake aliletwa kufanya kazi ya mgodi. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi na hakuwahi kuiona Kasai. Majuma yale vijana wa jimbo letu walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, wakiwaambia Wakasai warudi kwao. Jumapili moja mchana walifika kwake. Nilisikia mlango ukivunjwa. Nilifunga dirisha, nikajiambia sitoki kwa sababu ya mguu.

Kwa hiyo nilijua pa kumtafuta: kwenye gare, stesheni ya treni, walikokimbilia waliofukuzwa. Gareni watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye reli, wamejenga vibanda kwa mablanketi na mabati, wakingoja treni isiyokuja. Nilizunguka kwa magongo, nikiomba radhi kila hatua. Nilimkuta ameketi juu ya godoro lililokunjwa, mtoto wake wa mwisho amelala mapajani, anakohoa.

Aliniona, akatabasamu. "Mama! Na huo muguu umetembea mpaka huku?"

Nilikuwa nimebeba karatasi na kalamu tu. Sikuleta hata mkate. Nilimweleza habari ya karani, haraka haraka, nikitazama chini.

Mume wake alikuwa amesimama nyuma yetu. "Batu bako banatufukuza," aliniambia, "na weye unakuja kutuomba sahihi?"

Jirani yangu aliinua mkono kumnyamazisha. "Tata, mi niliona ile lori na macho yangu. Nitasema sikuona?"

Aliandika juu ya sufuria iliyogeuzwa, polepole, kwa Kifaransa chake kizuri cha shule ya masista: lori lilitoka wapi, mimi nilikuwa nikitembea wapi. Akatia sahihi, akanirudishia kalamu. Kisha akauliza, bila hasira, "Na ya kwetu, nani atakuja kuandika?"

Nilisema, "Mungu anaona." Mpaka leo naona aibu kwa jibu lile.

Karani aliisoma karatasi mara mbili. "Anwani ya shahidi ni wapi?"

"Yuko gareni."

"Gare si anwani, mama. Lazima aje mwenyewe, na kitambulisho."

Nilirudi gareni siku ya tatu tu, maana kabla ya hapo mguu ulikuwa umevimba. Treni ilikuwa imekuja. Mfanyakazi wa reli aliniambia waliondoka kwenye mabehewa ya mizigo, wengine juu ya paa. Nilimweleza sura ya jirani yangu, mtoto anayekohoa, kitenge alichovaa. Akatikisa kichwa, walikuwa wengi.

Dosie yangu, lile faili la bima, ilifungwa kwa kukosa shahidi. Wakili aliyesema angeipeleka tribinali alikuwa Mkasai naye. Nilipofika kwake nilikuta familia nyingine ikipika kwenye baraza lake. Jirani yangu sikupata habari zake tena. Nimewauliza wengi waliorudi miaka ya baadaye, nao huniuliza wao kwanza, "Ulikuwa jirani yake? Siku alipofukuzwa ulikuwa wapi?"