Kisu Kilichotoka Dukani kwa Dada

Mpishi wa wapima ardhi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tatu, na kila mtu kazini alimwita Mwiko. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza, alipomchapa mpima mmoja kiganjani kwa kutia mkono sufuriani kabla chakula hakijaiva. Hakumwomba radhi. Sasa ilikuwa imepita miaka kumi na tisa, yule mpima amekuwa msimamizi wa kikosi kizima, na kile kipigo hajakisahau.

Jumatatu asubuhi msimamizi alimwita ofisini. Chumba kilikuwa na meza mbili, ramani zimebandikwa mpaka mlangoni, na kilinuka viatu vilivyolowa. Hakumkaribisha kiti.

“Safari hii gari linatuacha barabarani, sehemu iliyobaki ni ya mguu. Lile sanduku lako la jikoni haliendi.”

“Visu vyangu vyote vimo humo.”

“Ndiyo maana nakwambia mapema. Utabeba sufuria mbili na zana moja ya kukunja, ile yenye kisu, koleo na takataka nyingine humohumo ndani. Kachague, ofisi italipa.”

“Nachagua mwenyewe?”

“Mwenyewe. Ukikosea, viazi utavimenya kwa meno.”

Akamsukumia karatasi ya ofisi. Mwiko aliisoma, akairudia kusoma. Ofisi ilinunua vifaa kwenye duka moja tu, na duka hilo lilikuwa la dada yake.

Hawakuwa wamesemeshana kwa miaka minne. Mama yao alipougua, Mwiko alikuwa porini anapikia watu. Mama alimwulizia siku nane, ya tisa akafariki, akazikwa jioni yake. Hakuna aliyetumwa kwenda kumwita. Mwiko alirudi baada ya wiki mbili na chupa ya asali aliyomletea mama, akakuta kitanda kimefunguliwa na kuegeshwa ukutani. Dada alimzuia mlangoni, akamwambia, “Uliokuwa unawapikia ndio ndugu zako. Rudi kwao.” Mwiko aliipasua ile chupa miguuni pa dada na kuondoka, na tangu siku hiyo akawa anazunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya duka.

Safari hii hakuwa na pa kuzunguka. Kesho yake alivaa kama mtu anayekwenda kushtakiwa, akatia kitunguu, kiazi, kopo la maharagwe na kipande cha ubavu kwenye mfuko, akaenda.

Dada alikuwa nyuma ya kaunta anapanga misumari kwa ukubwa. Aliinua macho, akayashusha.

“Duka halijafunguliwa.”

“Mlango uko wazi.”

“Uko wazi kwa wateja.”

Mwiko aliweka karatasi ya ofisi juu ya kaunta. Dada aliisoma polepole, neno kwa neno, kama anayetafuta kosa. Hakulipata. Akaenda kwenye kabati la kioo, akarudi na zana moja inayong’aa kama kijiko cha harusi, akaitupa juu ya kaunta.

“Ina vitu ishirini na viwili. Watu wanaipenda.”

Mwiko aliifungua. Kisu kilikuwa katikati ya vile vitu ishirini na viwili, na ili kukifikia ilibidi kwanza ufunue koleo, kisha usukume msumeno na bisibisi pembeni. Alitandaza kipande cha boksi, akaweka kitunguu.

“Unafanya nini? Hapa si jikoni.”

“Nanunua kisu cha jikoni.”

Alikata mara mbili. Mara ya tatu alipokandamiza, kisu kikaanza kujikunja kuelekea vidoleni mwake, maana hakikuwa na kitu cha kukizuia. Akakirudisha.

“Hiki kitanikata mimi kabla ya kitunguu. Na hizi nafasi zote katikati, mafuta ya nyama yakiingia humu na mchanga juu yake, kwa siku tatu kitanuka. Huyo anayekipenda hajawahi kupika chini ya mti.”

“Wewe umepika chini ya miti yote. Hilo tunalijua.”

Mwiko aliisukuma ile zana pembeni. Akaomba ya pili. Hii ilikuwa ndogo, nyepesi, kisu chake kikifunguka kinakaza palepale, hakijikunji, na kifungulio cha kopo kina meno mazuri. Aliipenda kwa kuitazama tu. Ila kisu kilifunguliwa kwa kuchomeka ukucha kwenye ufa mwembamba, na hapo ndipo palipokuwa na shida ambayo hakuna mtu aliyeijua. Tangu mwaka uliopita kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vilikuwa vinakakamaa. Kambini alikuwa anaamka kabla ya wenzake wote, anavipasha moto mpaka vikubali kukunjika, ndipo anaamsha watu.

Alichomeka ukucha, ukateleza. Akajaribu tena. Aligeuka kidogo ili mkono usionekane, akajaribu mara ya tatu.

“Tangu lini?” dada aliuliza.

“Tangu lini nini?”

“Vidole. Mama alianza hivyohivyo.”

“Ukucha wangu ni mfupi.”

“Ukucha wako ni mrefu kuliko wangu.” Dada aliichukua ile zana mkononi mwake, akaifungua mara moja, akaifunga, akairudisha kabatini. Kisha akainama, akatoa nyingine chini ya kaunta. Ilikuwa nene, nyeusi, haina urembo. Kisu chake kilikaa upande wa nje na kilikuwa na tundu la duara la kutosha kidole gumba. “Shika hii.”

Mwiko alikisukuma kwa gumba, kikafunguka kwa mkono mmoja na kukaza kwa mlio mfupi. Alikata kitunguu, akamenya kiazi, akautenganisha ubavu mfupa kwa mfupa. Kopo alilifungua kwa mizunguko michache, akashika ukingo wake kwa koleo na kulinyanyua likiwa limejaa, halikutikisika. Kisha akaomba maji. Dada alimletea kikombe, na maji yalipomiminwa juu ya zana yaliingia upande mmoja yakatoka wa pili pamoja na maganda yote.

“Nachukua hii.”

“Najua unachukua hiyo. Na mwaka hautaisha kabla hata hiyo haijakushinda.”

Dada alipiga mhuri kwenye karatasi kwa nguvu iliyozidi mahitaji. Mwiko alikusanya vitu vyake, akatoka bila kushukuru.

Alhamisi msimamizi alikusanya kikosi uani pa ofisi. Alikuwa ameketi juu ya ngoma ya waya, lile gurudumu kubwa la kuzungushia nyaya, na alitabasamu kwa namna ambayo Mwiko hakuipenda.

“Nilipita dukani kuchukua nakala ya ile karatasi,” alisema mbele ya watu wote. “Nimeambiwa mpishi wetu mkono wake umekufa. Sitapeleka watu kumi na moja porini na mpishi wa kubebwa. Pika hapa, sasa hivi, kwa hicho ulichochagua. Ukishindwa, nina mtu mwingine.”

Hakuna aliyecheka. Mwiko alikwenda kuchukua kuni. Aliwasha moto wa kuni katikati ya ua, mahali ambapo upepo ulipeleka moshi moja kwa moja kwenye ile ngoma ya waya. Ilikuwa saa moja ya asubuhi yenye baridi na hakuwa amepata nafasi ya kuvipasha vidole moto. Kila alipokisukuma kisu, maumivu yalipanda hadi kwenye kiwiko. Alikata vitunguu vitano, akamenya viazi vya sufuria nzima, akafungua makopo manne, akaipua sufuria kwa koleo na kuiweka chini mbele ya viatu vya msimamizi. Uso wake hakuukunja hata kidogo.

Msimamizi alionja huku macho yanamtoka machozi ya moshi.

“Chumvi imezidi,” alisema.

“Haijazidi,” akasema mpima mmoja kwa nyuma, na wenzake wakaanza kupakua.

“Tutaona huko mbele,” msimamizi akasema, akaenda kunawa uso.

Mwiko hakula. Alikwenda dukani moja kwa moja, mikono bado inanuka moshi.

“Umemwambia.”

“Nimemwambia.”

“Ulitaka nifukuzwe.”

“Ndiyo.” Dada hakuacha kupanga misumari. “Nilitaka ukae nyumbani. Ukae kwenye kile chumba cha mama, mchana na usiku, uone ilivyo mtu kukuuliza jambo ambalo huna jibu lake. Nilimjibu mama siku nane kwamba unakuja. Siku nane namdanganya mama yangu kwa ajili yako.”

“Ungetuma mtu aniite.”

“Ningemtuma wapi? Hukuwahi kusema mnakwenda wapi. Hata siku moja.”

Hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli lilimwongezea Mwiko hasira.

“Kesho tunaondoka,” alisema. “Tunakwenda kaskazini, ng’ambo ya mto, mpaka kwenye machimbo ya chokaa. Siku arobaini. Sasa umejua. Ukifa, wasinisubiri.”

“Na wewe vidole vikikwama huko, usinitafute.”

Waliachana hivyo. Mwiko alipika siku zote arobaini, na msimamizi alilalamikia chumvi siku zote arobaini, huku sahani yake inarudi tupu. Alifanya misimu miwili zaidi, kisha akaacha mwenyewe kabla hajaachishwa. Leo anakaa mitaa miwili kutoka dukani. Hawasemeshani. Ila kabla ya kila safari ya ile misimu miwili, alipita dukani asubuhi akatupa juu ya kaunta kikaratasi chenye majina ya mahali wanapokwenda, akatoka, na dada hakuwahi kukitupa mpaka alipomwona amerudi.